Miti 14 ya Kivuli na Magonjwa Matatu: Kisa cha Mtaa Mmoja wa Mwanza

Barua ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa na mistari minne tu. Ilieleza kwamba miti ya kivuli iliyo kando ya barabara ya mtaa imeshikwa na ugonjwa wa kuambukiza, kwamba wananchi wameomba yote ikatwe kabla mvua za vuli hazijaanza, na kwamba mtaalamu anaombwa afike athibitishe hali hiyo ili kibali cha halmashauri kipatikane. Neno "ikatwe" halikunishtua, maana nimelisoma katika barua nyingi za namna hiyo. Lililonisimamisha ni neno "ugonjwa", lililoandikwa kwa umoja. Miti ya jamii tatu tofauti kushikwa na ugonjwa mmoja katika msimu mmoja ni jambo la nadra, na kila nilipolikuta, chanzo kilikuwa ardhini au mikononi mwa watu kabla ya kuwa kwenye kimelea chochote.

Mtaa wenyewe uko Nyamagana, kwenye mteremko unaotoka kwenye majabali na kushukia upande wa mto Mirongo, ambao hukatiza katikati ya jiji na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Udongo wa pale ni ule wa kichanga uliotokana na kulika kwa miamba ya graniti, ambao Wasukuma huuita luseni. Maji huzama humo upesi na kupotea, na mara nyingi mtu akichimba kidogo tu anagonga jabali. Mti unaoota mahali kama hapo hauna anasa ya kupeleka mizizi chini; huitandaza pembeni, karibu na uso wa ardhi, kule kule ambako binadamu naye anapitisha mabomba, anamwaga zege na kuchoma taka. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake.

Miti ilikuwa 14: mijohoro 9 upande wa juu wa barabara, miarobaini 4 mbele ya maduka upande wa chini, na mwembe mmoja mkubwa kwenye kona. Wazee wa mtaa wanasema ilipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chini yake kuna maisha ya watu. Mama lishe mmoja amekuwa akipika chini ya mjohoro wa katikati kwa miaka mingi, kijiwe cha bodaboda kiko chini ya mwembe, fundi viatu na fundi cherehani wamegawana kivuli cha miarobaini, na kuanzia saa sita mchana, mwezi Septemba, asiye na kazi pale naye huja kukaa tu. Kuikata yote kungewahamisha watu hao wote kwa siku moja, na sidhani kama waliosaini ombi lile walikuwa wamelifikiria hilo.

Walichokuwa wamekiona kilikuwa cha kweli. Mijohoro miwili ilikuwa imekauka kabisa. Miarobaini ilikuwa imegeuka manjano na kupukutisha majani nje ya msimu wake. Mwembe ulikuwa mweusi kama uliopakwa masizi. Maelezo ya chanzo ndiyo yaliyotofautiana. Wengine waliwalaumu wale wadudu wa ziwani ambao siku nyingine hupaa kutoka majini kama moshi na usiku kujaa kwenye taa. Lakini wadudu hao hawali majani ya miti, na wakishakuwa na mabawa huishi muda mfupi tu. Wengine waliulaumu mnara wa simu. Fundi viatu aliwalaumu mchwa, na akanionyesha njia zao za udongo kwenye shina la mjohoro mkavu. Kila mmoja alikuwa na mshitakiwa wake, ila wote walikubaliana kwamba mshitakiwa ni mmoja.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla barabara haijajaa. "Mwangaluka, bwana miti," mama lishe akanisalimu huku akikoleza moto. Nikamwitikia, nikachukua chaki na kuipa miti namba, 1 hadi 9 kwa mijohoro, 10 hadi 13 kwa miarobaini, 14 kwa mwembe. Vifaa vilikuwa vya kawaida: kisu kidogo, nyundo yenye kichwa cha mpira, kipande cha nondo nyembamba kilichonolewa ncha, keekee, lenzi ya mkononi na daftari. Kila mti nilianza kuutazama chini, pale shina linapoingia ardhini, kisha nikapanda kwa macho hadi matawini. Wengi hufanya kinyume chake, wakianza na majani kwa kuwa ndiyo yanayolalamika kwa sauti kubwa. Majani hayadanganyi, lakini hueleza habari zilizochelewa.

Mwembe ulikuwa rahisi kuliko yote. Kijana mmoja wa bodaboda aliniomba niguse kiti cha pikipiki yake. Vidole viliganda kama vilivyoshika asali. Kiti kilinyunyiziwa na wadudu waliokuwa juu mtini. Nilipogeuza jani nikakuta upande wa chini umejaa vidung'ata, wadudu wadogo wenye unga mweupe mwilini, wamejipanga kufuata mshipa wa kati wa jani kama watoto kwenye benchi. Wadudu hao hunyonya utomvu wa mti, na kwa kuwa utomvu una sukari nyingi kuliko wanayoihitaji, ziada huitoa kwa nyuma ikiwa matone matamu yanayonata. Matone hayo huangukia majani ya chini, na juu yake huota ukungu mweusi. Ukungu huo hauuli mti wala hauingii ndani ya jani. Ukisugua kwa kidole chenye maji, unatoka, na chini yake jani ni la kijani. Hasara yake ni kulizuia jani lisipate jua la kutosha. Kwenye shina nikaona mstari wa sisimizi, wengine wanapanda, wengine wanashuka matumbo yamejaa. Sisimizi huwachunga vidung'ata kama mchungaji na ng'ombe wake: hunywa ule utamu, na kwa malipo yake huwafukuza nyigu wadogo na wadudu wengine ambao wangewala. Juu zaidi kulikuwa na kishada cha kirukia, mmea ule unaoota juu ya tawi la mti mwingine na kuufyonza. Kwa jumla, huu ulikuwa mti mchafu wenye afya nzuri.

Kwa miarobaini hali ilikuwa nyingine, na hapa ndipo dhana ya ugonjwa mmoja ilipoanza kuvunjika. Majani yalikuwa na madoa ya manjano, na juu ya madoa hayo kulikuwa na vidugamba, kila mmoja bapa, mviringo, mpana wa milimita mbili hivi, rangi ya kahawia isiyoiva. Ukimwinua kwa ncha ya kisu, gamba linatoka peke yake na mdudu mwenyewe anabaki chini, laini, wa manjano, hana miguu ya kukimbilia. Lakini hapakuwa na ukungu mweusi wala kitu kinachonata, na sisimizi walikuwa wachache. Vidugamba wenye gamba gumu la namna hii hawatoi utamu. Kwa hiyo aliyenyonya miarobaini hakuwa yule aliyechafua mwembe, ingawa miti hiyo ilitenganishwa na hatua 20 tu.

Watu wa mtaa walishangaa kwamba mti ambao majani yake hutumika kufukuzia wadudu kwenye maghala unaweza kuliwa na wadudu. Inawezekana, na si Mwanza pekee. Miaka ya 1980 na 1990 miarobaini iliathirika kwa wingi katika nchi zinazozunguka Ziwa Chad na sehemu za Niger. Vidugamba walilaumiwa sana, lakini watafiti wengi waliochunguza kunyauka kule waliona kwamba ukame na ardhi duni vilikuwa vimeidhoofisha miti mapema. Nikatazama chini. Mbele ya maduka vilikuwa vimetandazwa vitofali vya saruji hadi vikagusa magome ya miti, na kwenye mwarobaini namba 11 zege lilikuwa limemwagwa likalizunguka shina, mwenye duka akapata baraza. Mvua ikinyesha, maji yote yanakwenda mferejini. Vumbi la barabara lilikuwa limetanda juu ya majani, na vumbi si uchafu tu: huwazuia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidugamba wasifanye kazi yao. Vidugamba waliikuta miti ina kiu, haina walinzi.

Nikavuka barabara kwenda kwenye mijohoro. Namba 5 na namba 8 ilikuwa imekufa. Mchwa walikuwepo kama fundi viatu alivyosema, lakini walikuwa wamefika msibani, hawakuua. Walikula gome na mbao zilizokwisha kukauka. Kwenye shina la namba 8, usawa wa kifundo cha mguu, niliona kitu kilichofanana na rafu ndogo ya mbao iliyopigwa vanishi: ngumu, ya rangi nyekundu iliyokolea, yenye ukingo mweupe, na majani makavu yaliyokuwa chini yake yamefunikwa na vumbi la kahawia kama kakao. Huo ni uyoga wa jamii ya Ganoderma. Uyoga tunaouona nje ni tunda tu. Mwili wake ni nyuzi zilizoenea ndani ya mizizi na kitako cha shina, zikiula mti na kuuacha mweupe na mwepesi. Huingia kupitia vidonda, na hutoka mti hadi mti pale mizizi inapogusana. Hakuna dawa ya kuuponya mti ulioshikwa hadi hapo. Anayekuuzia dawa hiyo anakuuzia maji.

Vidonda vilitoka wapi? Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Miaka miwili nyuma, mkandarasi mmoja alichimba mtaro wa bomba kufuata mstari wa mijohoro, nusu mita kutoka kwenye mashina, kuanzia namba 4 hadi namba 8. Alikumbuka kwamba mizizi minene kama mkono wa mtu ilikatwa kwa shoka, wanawake wakaichukua kuwa kuni, na mtaro ukafukiwa kabla ya Krismasi. Miti ilibaki ya kijani, na kwa kuwa ilibaki ya kijani hakuna aliyewaza kwamba imekatwa miguu.

Nikaifuata mijohoro iliyobaki mmoja mmoja, nikigonga kwa nyundo kuzunguka kitako chake. Namba 1 hadi 4 ilijibu kwa sauti kavu, fupi, ya mbao nzima. Namba 9 vilevile, ingawa matawi yake yalikuwa yamekatwa vichwa ili kupisha nyaya na vishina vilivyobaki vikaanza kuoza. Namba 6 ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote, wenye majani mengi kuliko yote, ule wa mama lishe. Upande unaoelekea barabarani ulijibu kama ngoma.

Nilirudia mara tatu, kisha nikasogeza benchi la wateja na kupiga magoti. Nyuma ya benchi, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yakimwagwa, kulikuwa na rafu mbili za uyoga ule, moja kubwa kama sahani ya chai. Nondo niliyoisukuma kwa mkono mmoja, bila nyundo, iliingia sentimita 40. Kwa keekee yenye ncha nyembamba nikapima unene wa mbao nzima kuzunguka shina. Kipenyo kilikuwa sentimita 70, maana yake nusu kipenyo ni 35. Wakaguzi wa miti hutumia sana kanuni kwamba shina lenye uwazi ndani linapaswa kubaki na ukuta wa mbao nzima usiopungua takriban theluthi moja ya nusu kipenyo, hapa kama sentimita 12. Kanuni hiyo ina wapinzani wake, na mimi huitumia kwa tahadhari, kwa sababu haisemi chochote kuhusu mizizi. Upande wa barabara nilipata sentimita 6.

"Bwana miti, huo ndio mzima kuliko yote," mama lishe akasema. "Si ungeanza na ile mikavu?"

"Mama, ile mikavu kila mtu anaikwepa," nikamjibu. "Huu kila mtu anakaa chini yake."

Hakuridhika, na sikumlaumu. Maji hupanda kwenye mti kupitia mbao za nje, zilizo karibu na gome, na uozo wa ndani hauyazuii. Ndiyo maana mti unaweza kuchanua maua ya manjano msimu huu na kulala barabarani msimu ujao kwa upepo wa kawaida wa mvua. Katika orodha ya mtaa, namba 6 ndio uliowekewa alama ya kuombewa msamaha kama mmoja tu ungeruhusiwa kubaki. Katika daftari langu ndio uliokuwa wa kwanza kuondolewa, kabla hata ya ile miwili iliyokufa.

Kikao kilifanyika jioni hiyo hiyo chini ya mwembe. Alikuwepo kijana aliyejitolea kunyunyizia miti yote dawa kwa bei nafuu. Alikuja na bomba la mgongoni la lita 16 na chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Ninaandika kwa kirefu kuhusu pendekezo lake kwa sababu ndilo linalopendwa zaidi katika mitaa yetu, na kwa sababu kijana hakuwa mlaghai, aliamini anachokisema. Kwanza, bomba la mgongoni halifiki juu ya mwembe wa mita 12. Litalowesha matawi ya chini na uso wa mnyunyizaji. Pili, gamba la kidugamba ndilo koti lake la mvua: dawa ya kugusa humwua akiwa mtoto mchanga anayetambaa, kabla hajajenga gamba, na humkosa mama yake. Tatu, dawa ileile huwaua nyigu na wadudu walaji wanaomla kidugamba, nao huchelewa kurudi kuliko yeye, kwa hiyo baada ya miezi michache hali huwa mbaya zaidi. Nne, mferejini mwa mtaa ule maji huenda Mirongo, na Mirongo huenda ziwani, na dawa nyingi za jamii inayouzwa sana madukani ni sumu kali kwa samaki. Chupa ile isiyo na jina nayo ilikuwa tatizo la peke yake, kwa kuwa kiuatilifu kinachouzwa nchini kinapaswa kuwa kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya taifa ya afya ya mimea na viuatilifu, na kuwa na maelezo yake.

Mtu mmoja akauliza kama tungemwagia dawa kwenye mizizi ili ipande yenyewe hadi juu. Kabla sijajibu, bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akasema kwamba yeye huchuma majani ya miarobaini ile kila mjukuu wake anapopata homa, akayachemsha, akamnywesha. Hoja hiyo ikaishia hapo. Na maembe ya kona ile huliwa na watoto wa shule hata kabla hayajaiva.

Ilibaki kuwashawishi kwamba kuwaachia wadudu wengine kazi si uvivu. Mwanza kuna mfano ambao watu wazima wanaukumbuka: magugu maji yalipoziba fukwe na vituo vya mitumbwi miaka ya 1990, miongoni mwa vilivyoyapunguza ni mbawakawa wadogo walioletwa na kuachiliwa ziwani wayale. Mfano wa pili unahusu vidung'ata wenyewe. Kidung'ata wa mihogo aliingia Afrika miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kusini na kula mashamba ya nchi nyingi. Aliyemtuliza ni nyigu mdogo aliyefuatwa huko huko kwao na kuachiliwa Nigeria kuanzia 1981. Sikuwa na mpango wa kuleta nyigu kutoka popote. Nilitaka tu wale walio pale wapewe nafasi.

Kazi ilianza wiki iliyofuata. Kwa mwembe, jirani anayeosha magari alituazima pampu yake, na kwa saa mbili tukaupiga maji kutoka chini kwenda juu ili yafike migongoni mwa majani. Vidung'ata wakianguka chini wengi hawawezi kurudi, mradi njia ya sisimizi imefungwa. Kwa hiyo tukafunga mkanda wa plastiki kuzunguka shina, upana wa kiganja, tukaupaka grisi. Grisi ipakwe juu ya plastiki, isipakwe kwenye gome lenyewe, kwani huliua. Tukakata matawi mawili yaliyogusa ukuta na moja lililogusa waya, maana sisimizi akikuta lango limefungwa hutafuta daraja. Kishada cha kirukia kilikatwa pamoja na tawi lake, kwa kuwa kukivunja kwa mkono huacha mizizi yake ndani ya mbao, nayo huchipua tena.

Kosa la kisa hiki nililifanya mimi. Matawi ya chini ya mwembe niliyanyunyizia maji ya sabuni, na kwa kuwa nilikuwa na haraka nilichanganya zaidi ya mara mbili ya kipimo ninachowafundisha wengine, ambacho ni takriban mililita 200 za sabuni ya maji isiyo na marashi kwa ndoo ya lita 20, tena nikanyunyizia saa saba mchana badala ya jioni. Siku ya tatu machipukizi yote ya upande ule yalikuwa na kingo za kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Vijana wa bodaboda walinyamaza kwa heshima. Mwembe ulichipua tena, lakini upande ule haukuzaa msimu uliofuata.

Kwa miarobaini, dawa kubwa ilikuwa tindo na nyundo. Vitofali viling'olewa mita moja kuzunguka kila shina, na zege la namba 11 likavunjwa baada ya mazungumzo marefu na mwenye duka, ambaye alikubali pale alipoelezwa kwamba mizizi ingelivunja baraza lake yenyewe. Tukatandaza majani makavu na samadi iliyooza, bila kuvigusisha na gome. Kila mti ulipewa ndoo mbili za maji mara mbili kwa wiki hadi mvua zilipokolea, na maduka yaligawana zamu. Matawi yaliyolemewa na vidugamba yalikatwa, yakachomwa mbali na mashina. Mengine yalioshwa kwa sabuni, safari hii jioni na kwa kipimo. Kuhusu chokaa inayopakwa mashina ya miti ya barabarani, niliulizwa kama turudie. Nikasema inapendeza, na haina kazi nyingine hapa.

Namba 6 uliondolewa Jumapili asubuhi, baada ya kibali kutoka na umeme wa mtaa kuzimwa. Sikuruhusu mtu aupande, kwa sababu mti uliooza kitako haufai kubeba uzito wa mpandaji. Lilitumika gari lenye kikapu cha kuinulia watu, na matawi yakashushwa kwa kamba, kipande baada ya kipande. Kisiki kilipobaki peke yake, mbao za ndani zilikuwa nyeupe na laini kama mkate uliolowa chai, na mama lishe aliingiza mkono wake hadi kwenye kiwiko upande ule ule ambao benchi lake lilikuwa limeegemea. Hakusema neno. Mizizi mitatu ya upande wa mtaro ilikuwa imeishia kwenye ncha zilizokatwa kwa shoka, nyeusi. Visiki vyote vitatu vilichimbwa pamoja na mizizi iliyofikika, unga wa msumeno ukazolewa, na misumeno ikafutwa kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine. Namba 9 ulisawazishwa vizuri: kila kishina kilichoachwa kikikatwa upya karibu na uvimbe wa tawi, bila kuukata uvimbe wenyewe na bila kupaka rangi wala lami, ili mti ujifunike kidonda chake.

Kuhusu kupanda upya tulibishana zaidi kuliko kuhusu kukata. Wengi walitaka mijohoro tena, kwa kuwa hukua upesi. Nilikataa, kwanza kwa sababu mabaki ya mizizi yenye uyoga bado yako ardhini, na pili kwa sababu mtaa wenye mijohoro 9 kati ya miti 14 tayari umeweka mayai yake mengi chini ya kuku mmoja. Miji ya Marekani iliyojaza mitaa yake aina moja ya mti, elmu, iliona vivuli vyake vikifutika baada ya kuvu inayobebwa na mbawakawa kuingia nchini humo karibu na 1930. Mwaka 1990 mtaalamu wa miti wa huko, Frank Santamour, alipendekeza kwamba katika miti ya mji aina moja isizidi asilimia 10, jenasi moja, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, isizidi 20, na familia moja, yaani kundi la jenasi zenye undugu, isizidi 30. Kwa barabara yenye miti 14 hesabu hiyo haitekelezeki neno kwa neno, lakini mwelekeo wake unafaa. Tulikubaliana mikungu miwili, na wa tatu mama lishe alitaka mzambarau. Nilimkumbusha kwamba zambarau hutia madoa nguo za wateja. Akasema wateja wake wanajua kufua. Mzambarau ukapandwa, mita tatu kutoka shimo la zamani.

Masika yalipokwisha nilirudi. Mwembe ulikuwa na vidung'ata wachache, na juu ya baadhi yao niliona tundu dogo la duara, alama ya nyigu aliyekomaa ndani na kutoka. Miarobaini mitatu ilikuwa na majani mapya yasiyo na gamba hata moja katika matawi ya juu. Namba 11 ulikufa mwezi Machi; zege lilikuwa limekaa muda mrefu mno. Miche ya mikungu ilikuwa hai, mmoja umeliwa na mbuzi ukachipua.

Mama lishe alikuwa amehamia chini ya namba 7. Nilipiga magoti pale pale kwa mazoea, nikasogeza ndoo yake ya maji, na upande wa mtaro nikaona kinundu cheupe, kikubwa kama kifungo cha koti, kimeanza kutoka kwenye gome. Nyundo ilijibu vizuri pande zote, na nondo haikuingia. Nilikizungushia duara la chaki, nikaandika tarehe kwenye daftari, na nikamweleza mwenyekiti kwamba tutaupima tena kila baada ya miezi mitatu na kwamba hakuna kinachokatwa kwa sasa, ila benchi na jiko viende namba 4.

"Hata huu?" mama akauliza.

"Bado sijui, mama. Lakini usikae upande wa mtaro."

Alitazama juu majanini, kisha akaanza kufungasha sufuria.